Asiyeruka

Masika yalipojaza shimo la zamani, Kunduchi Mtongani,
sisi wagonga kokoto tulihamia ukingoni
na vyura wakahamia chini yetu.
Wengi ni rangi ya tope, rangi ya jiwe, rangi ya hakuna kitu.
Humwoni chura, unaona mtikisiko,
chubwi! na maji yameshafunga mlango.

Lakini yuko huyu.
Mweusi kama tairi lililolowa,
milia miwili myekundu kutoka jichoni hadi kiunoni,
na madoa ya wekundu uleule miguuni,
kana kwamba aliyempaka alibakiwa na rangi
akaona haya kuimwaga.
Haruki.
Anatembea.
Mguu, pumzi, mguu mwingine,
kama mama mkwe anayeingia shughulini watu wameshaanza kula,
akijua kiti chake hakijakaliwa.

Mwanangu Kibwana alimshika, akamfunika kwa kopo la rangi.
Jioni kiganja kilivimba, akakisugulia jicho,
tukakesha tukilimwagia maji.
Bi Sikudhani akasema,
"Huyo kofi lake amelivaa. Hainui mkono."
Jibwa la mlinzi nalo lilimwonja:
lilitoa povu, likafuta ulimi mchangani,
na tangu hapo likiuona wekundu ule
huzunguka mbali, likijifanya lina safari nyingine.

Nimekaa na nyundo, nimekaa na swali.
Rangi hii ingemfaa nini mwenye kukimbia?
Nani husoma onyo lililobandikwa kwenye gari linalopita?
Tangazo linataka ukuta usiohama.
Au nianzie upande wa pili:
mwenye sumu, rangi ya tope, akitembea taratibu
ataliwa kwanza, atatemwa baadaye,
na kutemwa si kupona.
Basi rangi ndiyo iliyomfundisha mwendo,
au mwendo ndio uliodai vazi?
Bi Sikudhani kaniambia nigonge mawe,
bei ya ndoo haipandi kwa mawazo.

Nikaangusha bonge la jiwe kati ya wawili.
Wa tope alikuwa majini kabla jiwe halijatulia.
Mwenye milia alijaza pumzi, akainamisha kichwa,
akanyanyua makalio, akanigeuzia mgongo,
maana maandishi yako huko.
Nilihesabu mapigo kumi na moja ya nyundo ya jirani.
Kisha akaendelea alikokuwa anakwenda,
kichuguuni, kwa mchwa wake.

Sisemi haogopi.
Mchana wa jua kali nimemkuta chini ya gogo
amepauka, rangi ya majivu, amejikunja.
Hata tangazo lina saa zake.

Mimi nina kanga ya kisutu, nyekundu na nyeusi,
niliinunua Kariakoo kwa fedha ya kokoto,
na kila lori la mchanga likipiga honi nyuma yangu
naruka mtaroni na ndoo yangu.
Nyekundu ninayo. Sumu sina.
Hilo dereva halijui.

Jana, njia ya machimbo, honi ikapigwa.
Magoti yalishakunjika yaruke.
Nikajaza pumzi.
Mguu.
Mguu mwingine.
Breki zikalia, nikatukaniwa mama,
joto la injini likanigusa mgongo,
halafu lori likapita pembeni, polepole,
likikwaruzwa na michongoma.

Kibwana aliniuliza kwa nini natetemeka.
Nikamwambia apite nyuma yangu asome kanga inasemaje.
Alisoma herufi kwa herufi, kidole hewani, hagusi,
akakwama karibu na pindo.
Neno la mwisho, alisema, limelowa jasho.